Siku Kumi na Nne Kabla ya Saini

Bosi wangu ni dobi. Mwenyewe halipendi neno hilo, husema ana kampuni ya huduma za mavazi, lakini mimi nimeendesha gari lake miaka minane na nimebeba kanzu za kutosha kujua ninachosema. Duka lake la kwanza liko Al-Suwaidi, magharibi mwa Riyadh, na watu huacha madobi wa mitaa yao wakaja kwake kwa ajili ya kitu kimoja: shimagi, kile kitambaa chekundu na cheupe ambacho wanaume wa huku hujifunga kichwani. Shimagi likitoka kwa bosi, mkunjo wa juu ya paji la uso husimama wima tangu asubuhi hadi usiku. Mtu akilivaa hutembea kama bwana harusi hata kama anaenda kununua vitunguu.

Siri yenyewe ni wanga na pasi ya mvuke. Bosi alikuwa akichanganya ule wanga kwa mkono wake, mlango umefungwa, na mafundi wa pasi walikuwa wakipokea ndoo iliyokwisha kukorogwa. Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama yangu alizoea kusema kwamba malaika wa mauti akija kunichukua nitamwuliza ametumwa na nani. Lakini mambo ya ndoo ile nilijua si ya kuuliza.

Basi siku moja, ndani ya gari, bosi akaanza kuzungumza kwenye simu kuhusu imtiyazi. Imtiyazi hii, imtiyazi ile, Jeddah, Dammam, mpaka Abha. Alipokata simu nikamwuliza hiyo imtiyazi ni nini. Alikuwa na furaha siku hiyo, akanieleza. Mtu wa Jeddah anataka kufungua duka kama la kwake. Atatumia jina lake, ubao wake, pasi zake, na kipimo chake cha wanga. Duka litakuwa la mtu wa Jeddah, hasara yake na faida yake, ila bosi atampa ujuzi na atapata fungu.

"Sisi kwetu tunaita franchaizi," nikamwambia.

"Unaijua?"

Naijua? Mimi nilichomwa nayo! Kabla sijaja huku, pale Nakuru, nilifungua kibanda cha kuku na chipsi chini ya jina la mtu mwingine, jina lililokuwa likivuma mjini. Tulishikana mikono, tukanywa soda, nikapaka kibanda rangi zake. Sikupewa karatasi hata moja, na mimi sikudai, maana niliona kudai karatasi ni kumwonyesha mtu humwamini. Mwezi wa sita walikuja vijana wawili na ngazi, wakang'oa ubao wakauhamishia kwa jirani yangu aliyetoa dau kubwa. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na hata huyo mbuzi alikuwa wa kuazima. Bosi alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Hapa hiyo mafi, hakuna. Hapa kuna sheria."

Nikawa sasa nataka kuijua hiyo sheria. Ningekuwa mwanafunzi shuleni kama nilivyokuwa mwanafunzi wa mambo haya, leo ningekuwa daktari.

Jambo la kwanza nililojifunza lilinichekesha. Sheria haimruhusu mtu kugawa jina lake kabla biashara yake haijafanya kazi mwaka mzima, tena katika maduka mawili, si moja. Bosi alikuwa na moja. Alilalamika wiki nzima, halafu akafungua la pili Al-Murabba, katikati ya mji, karibu na mabweni ya wafanyakazi, kwa sababu tu pango lilikuwa rahisi. Nani atavaa shimagi la wanga pale? Miezi ya mwanzo mafundi walikuwa wakisinzia. Halafu wakaanza kuja watu na maovaroli ya saiti, sare za ulinzi, aproni za hoteli. Bosi akajifunza kutoa grisi, jambo ambalo hakuwahi kulifikiria maishani mwake, na kabla ya mwaka kwisha duka lile alilolifungua kwa kununa lilikuwa na foleni. Nikajiuliza kama waliotunga sheria walilijua hilo, au waliotea tu.

Jambo la pili alinieleza wakili wa bosi, mwanamke kijana mwenye ofisi huko huko Al-Murabba. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea mafaili, na akiwa hana haraka alikuwa akinijibu maswali yangu. Aliniambia kwamba kabla mnunuzi hajatia saini na kabla hajalipa chochote, lazima apewe faili lenye ukweli wote wa biashara: imeanza lini, ina kesi gani, inaendeshwaje, mambo gani yanaweza kuiharibu. Akishalipata, anaachiwa siku kumi na nne.

"Za nini?" nikauliza.

"Za kusoma. Za kuuliza watu. Za kujaribu kwa mkono wake. Za kubadili nia akitaka."

"Na kama hazikutimia?"

"Mkataba unasimama kwa mguu mmoja. Anaweza kuuvunja baadaye, na mteja wangu asiwe na la kusema."

Siku kumi na nne! Nilitoka mle ofisini nikakaa kwenye gari bila kuwasha. Nilikuwa nikiwaza ningefanya nini Nakuru kama mtu angenipa hata siku mbili tu za kufikiri, na jibu nililijua. Ningemwuliza jirani yangu, naye angenieleza kwamba ubao ule ulikwisha kung'olewa kwa watu wengine kabla yangu.

Mnunuzi wa Jeddah alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa hisabati, anakaa Aziziya. Hakutaka faili kwa simu wala kwa kompyuta. Alitaka karatasi, asome na penseli mkononi. Kwa hiyo bosi akanituma mimi. Nilipewa bahasha kubwa yenye mihuri, na karatasi ya kupokelea ambayo mjane angeitia saini na tarehe. Nyuma ya gari nikatundikiwa mashimagi sita kwenye hanga, mapya kutoka kwenye pasi, ili mwalimu aone kazi yenyewe. Safari ile ni ya siku nzima, jangwa kushoto na jangwa kulia, na mimi naipenda mno, maana ndiyo siku pekee ambayo hakuna mtu anayeniita.

Nilifika Jeddah jioni ya Jumanne, nikalala kwa mlinzi mmoja tunayetoka naye kaunti moja. Asubuhi nilipofungua gari kutoa mashimagi, nilishika kichwa. Yalikuwa yamelegea. Ule mkunjo uliosimama Riyadh kama askari ulikuwa umelala, na kitambaa kilikuwa laini kama mkate uliosahauliwa nje. Riyadh hewa ni kavu, hata midomo inapasuka. Jeddah bahari iko hapo, na hewa yake unaweza kuikamua. Nilichukua moja nikalitundika dirishani mwa yule mlinzi, nikaliangalia huku tukinywa chai. Kabla ya kikombe cha pili lilikuwa limezidi kulegea. Nilimpigia bosi kumwambia.

"Mafi mushkila, hakuna shida," alisema. "Jeddah wote wanakaa kwenye kiyoyozi. Yalla, peleka bahasha."

Kule Aziziya mimi dereva siingii ndani ya nyumba ya mwanamke. Nikabonyeza kengele, na lango likafunguliwa na msichana wa kazi. Nilipomsalimia kwa Kiarabu akaniangalia usoni, akacheka.

"Wacha hiyo, brathe. Wewe ni wa nyumbani."

Alikuwa wa Kakamega, mwaka wake wa pili pale. Nikamwuliza madam wake.

"Madam hayuko. Ako Madina, binti yake amejifungua. Atarudi wikendi."

Nilimpigia bosi tena. Alikuwa na wageni, akajibu kwa haraka: aliyeko nyumbani atie saini, niache bahasha, nirudi, halas, yameisha. Na mimi, pamoja na maswali yangu yote, siku hiyo sikuuliza. Niliona bahasha imeingia nyumbani kwa mwenyewe, basi imefika.

"Saini hapa, dada," nikamwambia.

Alirudi nyuma hatua moja. "Hii si maneno ya ikama? Mimi nikiona mihuri naogopa."

"Ni ya biashara ya madam. Mpe tu akirudi."

Akachora saini ambayo hata mwenyewe asingeisoma, akaikumbatia bahasha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Sasa, mtu asiyejua maisha yetu huku atasema msichana yule alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Sisi tunaofanya kazi chini ya kafili, yule tajiri anayetudhamini, karatasi yenye muhuri ndiyo uhai wetu. Pasipoti, ikama ya kukaa nchini, mkataba, cheti cha hospitali: hivyo haviachwi mezani, vinafichwa, na havizungumzwi ovyo. Msichana wa Kakamega aliitunza bahasha ya madam wake kama ambavyo angeitunza pasipoti yake mwenyewe. Aliitia ndani ya sanduku lake la nguo, chini kabisa, akafunga kufuli. Madam akarudi na picha za mjukuu, nyumba ikajaa wageni wa kumpongeza, vikombe vya kahawa haviishi kuoshwa. Bahasha ikamtoka akilini. Alipoikumbuka siku kadhaa zilikuwa zimekwisha kupita, na hofu ikamshika, na hofu ikila siku moja hudai ya pili.

Jumapili, siku ya kumi na moja tangu niondoke pale langoni, alinipigia akilia.

"Nimempa leo. Nimemwambia imeletwa na mtu saa hii. Usiseme, brathe, nakuomba. Madam ni mzuri, lakini uwongo hataki. Ukisema mimi naenda airport."

"Mnatia saini Alhamisi," nilimwambia. "Amebakiwa na siku nne."

"Si atasoma tu haraka?"

Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia, maana aliyeiacha bahasha mikononi mwake ni mimi.

Alhamisi nilitumwa uwanja wa ndege kumpokea mwalimu. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea darasa la watu arobaini. Aliketi nyuma, akalifungua faili mapajani, na kwenye kioo niliona kurasa za mwanzo zimejaa alama za penseli. Zile za nyuma zilikuwa nyeupe.

"Sijafika sura ya kufua," alisema, kana kwamba anajisemea. "Bosi wako anasema nimekuwa nalo wiki mbili. Labda nimezeeka. Tangu mjukuu azaliwe nimekuwa nikisahau mambo." Halafu akauliza, "Wewe mwanangu, ungekuwa mimi, ungetia saini?"

"Mimi dereva tu, madam," nilijibu, nikaona aibu ya jibu hilo mpaka tulipofika. Yale mashimagi sita nilikuwa nimerudi nayo Riyadh, maana bosi alisema hayafai tena kuonyeshwa, na mwalimu hakuwahi kuyaona. Duka alilokuwa akitaka kulifungua lilikuwa la marehemu mumewe, kitu pekee alichomwachia kilicho kwa jina lake. Angelijaza mapasi na wanga usiosimama, na wateja wa Jeddah wangemcheka ndani ya mwezi mmoja.

Ofisini kwa wakili tuliingia watatu, kwa sababu mimi nilikuwa nimebeba boksi la vitabu vya maelezo. Wakili akauliza swali lake la kawaida, faili lilipokelewa lini. Mwalimu akasema Jumapili. Bosi akacheka kwa adabu, akatoa ile karatasi yenye saini na tarehe ya wiki mbili nyuma. Mwalimu akaisogeza karibu na macho.

"Hii si saini yangu," alisema. Lakini alisema polepole, na mkono wake ukaenda kwenye paji la uso. Niliona mtu anayeanza kutoiamini akili yake mwenyewe.

Bosi alikuwa na haraka, na haraka yake niliielewa. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na Idi ndiyo mavuno ya dobi. Wakili akaniangalia mimi.

"Wewe ndiye uliyepeleka. Ulimpa nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa na njia mbili, moja ya uwongo na moja ya msiba. Nikisema saini ni halali, mama huyu anapoteza siku zake. Nikisema ukweli wote, msichana wa Kakamega anapoteza kazi.

"Saini ni yangu," nilisema. "Nilichoka. Nilimwachia rafiki yangu mlinzi pale Jeddah aipeleke, nikajitilia saini mwenyewe, nikarudi. Yeye akachelewa. Madam ameipata Jumapili, kama anavyosema."

Wakili aliichukua karatasi ya kupokelea akaichana mara mbili, akaandika tarehe mpya, akasema watakutana siku kumi na nne zikitimia. Bosi hakunitazama. Kwa kawaida yeye hukaa mbele, karibu nami, tukabishana habari za mpira. Siku ile alifungua mlango wa nyuma. Tulipofika Al-Suwaidi alisema maneno sita tu: "Miaka saba. Na saini ya bandia." Nilitaka kumweleza, lakini maji nilikuwa nimeyavulia nguo.

Mwalimu alizitumia siku zake kama mwalimu. Alidai apelekewe mashimagi, akayatundika kwenye baraza lake Aziziya, akaandika kila saa moja mkunjo umeinama kiasi gani. Kisha akaleta maswali, na majibu yake yalikula Ramadhani yote na Idi yenyewe. Bosi alinung'unika, lakini alilazimika kwenda Jeddah na ndoo yake, akajaribu kipimo baada ya kipimo mbele ya yule mama, mpaka wakapata wanga unaosimama kwenye hewa ya bahari. Ikaandikwa kwenye kitabu cha maelezo sura mpya kabisa, ya miji ya pwani. Ndipo wakatia saini. Duka la Aziziya leo linafanya kazi vizuri, na mtu wa Dammam, ambako hewa ni ile ile ya maji, ameanza kuulizia. Msichana wa Kakamega bado yuko pale pale. Hupiga simu sikukuu, hunishukuru mno, na mimi humwambia aache.

Sheria ile naipenda mpaka sasa. Kuna mtu mahali fulani aliketi akafikiri kwamba biashara ikitaka kukua haraka, mtu wa upande wa pili apewe muda wa kusoma. Sijui kwetu itafika lini, na nikikutana na mtu anayejua nitamwuliza.

Lakini bosi ana mabinti wawili, wa darasa la pili na la nne, na mimi ndiye ninayewapeleka shuleni. Jumapili iliyofuata siku ile ya wakili alishuka nao mpaka langoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alimpa yule mkubwa simu ndogo mpya, akamwambia, mimi nikiwa nimesimama nimeshika mlango, "Mkifika, nipigie. Kila siku."

Mtoto aliniangalia, akamwangalia baba yake. "Kwani si tuko naye?" aliuliza.

Bosi akarudi ndani. Ni mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi nikisimamisha gari mbele ya shule, kabla yule mkubwa hajafungua mlango, husikia nyuma yangu kisauti chake: "Baba, tumefika."